Ugumu Si Nguvu

Kufikia saa tatu asubuhi Mkemia alikuwa ameshavuta vipande vinne vya ule mkanda, na kila kimoja kilikatika mapema. Kobe alikaa kwenye kigoda kirefu cha maabara, mkoba juu ya mapaja, akitazama cha tano kikifungwa kwenye mashine ya kuvuta. Jina la Kobe walimpachika kituoni kwa sababu ya mwendo wake wa kupeleleza. Yeye, mama wa miaka hamsini na miwili mwenye watoto wanne na cheo cha inspekta, hakuwahi kulikataa. Alikuwa akisema hajawahi kuona kobe akirudi nyuma kuokota alichoangusha njiani.

Ila siku hiyo hakuwa na nafasi ya ukobe. Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka saa tisa alasiri. Baada ya hapo faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na Fundi Rola angeshtakiwa kwa wizi na kusababisha majeraha.

Siku kumi kabla, mkanda wa mpira wa kupandishia mawe ulikuwa umekatika kwenye machimbo ya kokoto. Mawe yalimporomokea kibarua mmoja, yakamvunja mguu na mbavu mbili. Mkanda wenyewe ulikuwa mpya, haujamaliza hata miezi miwili. Meneja wa kiwanda kilichoutengeneza hakuchelewa kupata wa kumlaumu. Alisema mchanganyaji wake, mzee wa miaka sitini aliyesimama mbele ya mashine ya rola kwa miaka thelathini hadi kazi ikawa jina lake, alikuwa akiiba masizi ya kuchanganyia mpira, anayauza nje, halafu anajazia chokaa. Askari walipekua kabati la mzee wakakuta aproni na viatu vimejaa unga mweupe. Alipoulizwa kama ameiba, alijibu ndiyo kabla swali halijafika mwisho.

"Kesi ya ndiyo haihitaji maabara," Mkuu alimwambia Kobe.

Kobe aliona kinyume chake. Alishasikia wezi wakikana, wakilia, wakimsingizia shetani na hata marehemu. Mwizi wa kukubali kwa haraka namna ile alikuwa hajakutana naye, na hakutaka kukutana naye kwa mara ya kwanza katika faili lenye jina lake.

Mashine ilinguruma. Kipande kikarefuka, kikawa chembamba katikati, kikapasuka.

"Kilo kumi na tatu," Mkemia alisema. "Kipande kama hiki cha mkanda wao wa mwaka jana kilifika ishirini na nne."

"Basi Meneja anasema kweli. Masizi yalipunguzwa."

Mkemia alikuwa mwalimu wa sekondari zamani, na hajaacha tabia ya kumwachia mtu ajikwae kwanza. Alitabasamu, akampa kipima ugumu, kifaa kidogo mfano wa saa chenye ncha chini, akamwambia abonyeze mwenyewe. Kobe akabonyeza mkanda wa mwaka jana: mshale ukasimama kwenye sitini. Akabonyeza uliokatika. Sitini na saba. Akarudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Hapo ndipo Mkemia alipoanza somo lake. Mpira usio na masizi, alisema, ni laini na hauna maisha. Unafaa kuchezea watoto, si kubeba mawe. Masizi ndiyo yanayoupa ugumu na nguvu kwa pamoja, maana kila punje, ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, inaushika mpira ulioizunguka na kubeba nao mzigo. Chokaa ni punje kubwa zinazojaza nafasi tu bila kushika kitu. Mtu akitoa masizi na kutia chokaa, mkanda unakuwa laini zaidi, na mshale ungeshuka.

"Huu ni mgumu kuliko kawaida," Kobe alisema polepole. "Lakini ni dhaifu."

"Ndiyo maana jana niliuunguza."

Alikuwa ameweka kipande kwenye tanuri lisiloingiza hewa mpaka mpira wote ukaondoka kama moshi, akapima weusi uliobaki. Katika sehemu mia, masizi yalikuwa thelathini na moja, sawasawa na kipimo cha kiwanda. Halafu akayachoma na yale masizi kwa hewa, akaona chini imebaki zinki kidogo ambayo hutiwa siku zote. Chokaa haikuwepo hata ya kupaka ukucha. Na ule unga mweupe wa kabatini? Poda, alisema, ya kunyunyizia mpira mbichi ili usigandane. Kila mtu anayekaa karibu na rola anatembea nayo kiatuni.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba kitu," Kobe alisema.

"Hakuna. Ila sogea uone kilichotokea."

Chini ya kioo cha kukuzia, uso wa mkanda wa mwaka jana ulikuwa mweusi mtulivu. Uso wa ule uliokatika ulikuwa na vipele. Madonge, alisema Mkemia, kama ya unga uliomwagwa kwenye maji ya moto na mpishi mvivu. Masizi yote yamo, lakini hayakusagika yakasambaa. Donge moja hufungia mpira kidogo ndani yake, ndiyo maana kidole kinahisi ugumu. Ukivuta, ufa huanzia pale pale kwenye donge. Na mpira ukishapasuka, kitambaa kilichomo ndani ya mkanda hubaki kubeba mawe peke yake.

Kobe aliuliza madonge husababishwa na nini. Mkemia akasema mara nyingi ni mafuta. Kila mchanganyiko hutiwa mafuta kidogo ya kulainisha, lakini hutiwa mwisho. Mpira ukiwa mzito na mkavu kati ya rola ndipo unaposaga masizi. Mafuta yakitangulia, kila kitu kinateleza na madonge yanapita salama.

"Na fundi wa miaka thelathini anasahau jambo hilo?"

"Hasahau hata akiwa usingizini," Mkemia alijibu.

Kituoni, kabla ya kwenda mahabusu, Kobe aliomba daftari la wageni. Siku saba mfululizo, saa moja kasorobo asubuhi, mgeni alikuwa mmoja: mwanamke, anayeleta chakula, uhusiano "mkamwana", kazi "mpimaji, kiwanda cha mpira". Akalifunga daftari akaingia.

Fundi Rola alikaa kitako ukutani, mikono yake mikubwa imelala magotini. Kobe alivuta kiti, akamweleza kwa utaratibu yote yaliyopatikana maabara: masizi yamo, chokaa hamna, unga wake ni poda. Alitarajia kuona ahueni. Badala yake uso wa mzee ukaingia hofu ambayo haukuwa nayo alipokuwa mwizi.

"Nimeshakubali, mama," alisema. "Kwani sheria inataka mtu akubali mara ngapi?"

"Mara moja inatosha, kama ni kweli. Nakwenda kiwandani."

"Chumba gani?"

Kobe aliandika lile swali kwenye daftari lake, maana hakuwa ametaja chumba chochote. Akauliza jingine: katika miezi hiyo miwili, kiwanda kilitoa mikanda mingapi? Mzee akasema kumi na miwili. Mmoja ndio uliokatika. Baada ya hapo aliinamisha kichwa.

Saa tano kamili Kobe alikuwa kiwandani. Meneja, bwana wa mashati yaliyonyooka, alimpokea kwa kiti, maji baridi na sifa nyingi kwa jeshi la polisi, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka Kobe akamshukuru na kusimama. Alitaka kuona njia yote ambayo masizi hupita, kutoka stoo hadi rola. Stoo ilikuwa na hesabu safi. Katikati kulikuwa na chumba cha kupimia, na hapo Kobe akasimama.

Kilikuwa chumba kidogo chenye mizani mbili, mifuko ya masizi, pipa la mafuta na ndoo zilizopangwa kwa mstari. Nyuma ya mizani alisimama mwanamke kijana, kitambaa puani, mimba ya miezi saba mbele yake. Juu ukutani kulikuwa na feni kubwa ya kuvuta vumbi, imenyamaza.

"Imeharibika juzi juzi," Meneja aliharakisha kusema.

Kobe alitazama feni. Buibui alikuwa ametandaza nyumba yake kutoka panga moja hadi jingine, na nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vingi. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye kalenda iliyotundikwa kando ya mlango, zile za kufunua karatasi na kuirudisha nyuma bila kuichana. Akaishusha, akaanza kufunua. Januari, Februari na Machi zilikuwa na rangi ya kijivu hafifu. Aprili ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Mei ilikuwa nyeupe. Juni, ambayo ilibakiza siku mbili kwisha, nayo nyeupe.

Kobe alizirudia karatasi zile moja moja. Feni ilikufa mwanzoni mwa Aprili, hilo lilijionyesha lenyewe. Lakini feni ikifa, vumbi huongezeka mwezi hadi mwezi. Hapa liliongezeka mwezi mmoja kisha likatoweka, na feni bado ni maiti. Kuna kitu kililishika vumbi lisiruke, na kilianza kulishika Mei, mwezi ambao mikanda kumi na miwili ilianza kutengenezwa.

Alimgeukia Meneja, akamwomba kwa heshima zote akamletee maombi ya matengenezo ya tangu Machi. Meneja alisema ni makaratasi mengi. Kobe akasema atasubiri, akamfungulia mlango.

Walipobaki wawili, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mafuta unayapima wapi, binti yangu?"

"Hapa hapa, afande."

"Ukishapima, unayaweka wapi?"

Mpimaji alitazama ndoo zake. Kisha akaeleza yote, na hakuhitaji kusukumwa. Aprili alikuwa akikohoa makohozi meusi. Nesi wa kliniki alimwambia akae mbali na vumbi kwa ajili ya mtoto. Aliandika kuomba feni itengenezwe, akaandika tena, akaandika mara ya tatu. Siku moja mafuta yakamponyoka yakamwagikia ndoo ya masizi, akaona vumbi limelala chini. Tangu siku hiyo, kila akishapima masizi, huyalowesha palepale kwa mafuta yaliyopangiwa mchanganyiko ule ule, halafu ndiyo yanakwenda kwa rola.

"Sikuongeza wala sikupunguza," alisema. "Masizi ni yale yale, mafuta ni yale yale. Nilidhani vikishaingia kwenye mashine, havina foleni."

Kobe alimwambia kwamba foleni ipo, akamweleza madonge. Alieleza taratibu, kwa maneno machache, na alipofika kwenye mkanda wa machimbo mwanamke yule aliketi juu ya mfuko wa masizi. Kwa siku saba alikuwa akimpelekea mkwewe chakula, bila kuelewa mzee asiyewahi kuchukua hata msumari wa kiwanda amepataje kuwa mwizi. Mzee mwenyewe alimwambia maneno machache tu: nyamaza, fanya kazi, lea mimba yako. Sasa alielewa, na alilia kwa uchungu wa mtu aliyebebwa mgongoni bila kujua.

"Niandike mimi," alisema. "Baba atoke."

Kobe aliandika, lakini alijua maneno ya mkamwana kumtetea mkwewe hayatafika mahakamani yakiwa yamesimama. Wakili yeyote angeyapuliza yakaanguka. Kilichotakiwa ni mpira wenyewe uzungumze. Akampigia Mkuu kumwomba mahabusu wake kwa saa mbili, kisha akampigia Mkemia. Mkuu alilalamika sana kuhusu mafuta ya gari, akauliza kama polisi sasa wamekuwa wafinyanzi, lakini gari likaja.

Fundi Rola alishushwa kati ya askari wawili. Alipomwona mkamwana wake amesimama kando ya mashine, macho mekundu, aligeuka arudi garini.

"Baba, nimeshasema," mwanamke alimwambia.

"Hujasema kitu. Mimi ndiye niliyechanganya, mimi ndiye fundi." Akamgeukia Kobe. "Mama, ng'ombe haelemewi na nunduye. Niachie mzigo wangu."

"Ningekuachia kama ungekuwa wako peke yako," Kobe alisema. "Ukijiita mwizi, kosa linaisha na mkanda mmoja na faili linafungwa. Iko mingine kumi na mmoja inazunguka huko, ina madonge yale yale, na chini ya kila mmoja yuko mtoto wa mtu. Nani ataizuia, kama wewe ni mwizi tu?"

Mzee alikuwa amewaza sana juu ya mjukuu wake siku zile saba, na ile mikanda alikuwa ameisukuma mbali kwa nguvu zote, kama mtu anayefumba macho apite. Sasa ilikuwa mbele yake yote. Akanyoosha mkono, akaomba aproni.

Mchanganyiko wa kwanza aliufanya kama alivyofundishwa ujanani. Mpira ulijisokota kwenye rola, akatia masizi kidogo kidogo, akikata kwa kisu na kukunja, kukata na kukunja, na mashine ikaguna kwa uzito mpaka sakafu ikatetemeka. Mafuta aliyatia mwisho. Mchanganyiko wa pili, Mpimaji aliloweka masizi kwanza kama alivyozoea. Mzee aliyapokea, akatia, na rola zikazunguka kimya.

"Nilisikia ukimya huu mwezi wa tano," alisema bila kugeuka. "Nikadhani masikio yamezeeka. Nikawa naupitisha mara mbili zaidi ili nijiridhishe. Mkanda ulipokatika ndipo nilipojua, na nilipokwenda kuchungulia kule chumbani nikaona nani anailowesha ndoo."

Vipande viwili viliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza yenye moto, vikaiva kwa dakika ishirini, vikapoa. Mkemia alikuja na kipima ugumu chake mfukoni, na kiwanda chenyewe kilikuwa na mashine kuukuu ya kuvutia. Cha kwanza: ugumu sitini na moja, kilikatika kwenye kilo ishirini na tatu. Cha pili kilikuwa na ugumu wa sitini na nane, na kilikatika kwenye kumi na tatu na nusu. Mkemia alikipasua, akampa Kobe kioo. Vipele vilikuwa vile vile.

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa tisa. Kobe alimpigia Mkuu akamwambia kwa sentensi tatu kwamba wizi haukuwepo, mwizi hayupo, na faili lisiende. Mkuu akauliza, kwa unyonge kidogo, kama basi amwachie mzee. Kobe akasema ndiyo, na leo hii.

Meneja aliingia wakati huo na karatasi tatu mkononi, akiwa amechukua saa tatu nzima kuzitafuta. Zilikuwa za mwandiko wa Mpimaji. Chini ya kila moja kulikuwa na neno moja la kalamu nyekundu, "Subiri", na sahihi yake. Fundi Rola alikuwa akimwambia askari kosa ni lake kwa kuwa alisikia na hakuuliza. Mpimaji naye akishikilia ni lake.

"Hawa wawili wanagombania kosa tangu asubuhi," Kobe alisema, akizitia zile karatasi mkobani. "Wewe bwana ndiye hujaomba hata kipande. Tutaongea kesho, uje na wakili wako. Kwa sasa chukua simu."

Meneja alianza kusema kwamba kurudisha mikanda kumi na mmoja kutaliua jina la kiwanda, na pengine wateja waandikiwe barua kwanza. Kobe aliiweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, na Mpimaji akafungua daftari lake la namba, maana yeye ndiye aliyeandika kila mkanda umekwenda wapi. Mmoja baada ya mwingine walipigiwa. Machimbo ya kwanza yakasimamisha mashine. Kinu cha nafaka nacho kikasimamisha. Mmoja alitukana kabla hajatii. Mikanda mingine miwili ilikuwa bado haijafungwa, ipo stoo za wateja kwenye makaratasi yake, na Fundi Rola aliposikia hivyo alishusha pumzi kwa nguvu.

Simu ya nane ilipokewa na msimamizi mwenye haraka. Alisema mkanda wao hauna tatizo, wakaguzi wao wa usalama wameupima jana na ni mgumu kama jiwe. Fundi Rola akasogea karibu na simu.

"Ugumu si nguvu, mwanangu," alisema. "Simamisha, ukaukunje pale unapopinda, utazame ndani ya kunjo."

Walisikia mtu akipaza sauti, kisha mngurumo ukififia mpaka ukaisha. Hatua zikaondoka. Walisubiri, Meneja akifuta shingo, Mpimaji ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Hatua zikarudi mbio.

"Kuna ufa," msimamizi alisema, na haraka yote ilikuwa imemtoka. "Urefu wa mkono, unaona hadi kitambaa. Nilikuwa na watu tisa chini yake." Alipumua. "Ni nani aliyegundua?"

Meneja alikohoa, akajiweka sawa. Kobe aliisukuma simu mezani mpaka ikafika mbele ya Mpimaji.

"Mimi," mwanamke alisema. "Mimi ninayepima masizi. Kosa lilianzia kwangu, na nilipolijua ndipo tulipowapigia."

Kisha akashusha kidole kwenye daftari, akasoma namba ya tisa.